Mama anaonekana anapumua vizuri kwenye mashine, mbona ultrasound inasema bado?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 66. Amepikia kuni tangu usichana wake, na miaka ya nyuma aliugua TB akatibiwa akapona. Sasa ana ugonjwa sugu wa mapafu na leo ni siku ya kumi na moja yuko ICU, ana mrija mdomoni na mashine ya kupumulia. Wamejaribu kumwachisha mara mbili, zote akarudishwa. Juzi daktari alikuja na ultrasound, ile ile ya kupimia wajawazito, akampima chini ya mbavu, akasema diaframu haijawa tayari, tusubiri. Lakini muuguzi anatuambia oksijeni ni 94 na anapumua vizuri. Je, kipimo hicho kinaaminika kwa mtu wa mapafu? Kila siku ya ICU ni gharama, na wameanza kutaja kumtoboa shingo. Tukubali?

Jibu: Marahaba, dada. Pole sana kwa kuuguza. Najua siku kumi na moja za kukaa nje ya mlango wa ICU zinavyochosha, hasa pale kila anayetoka anapokuambia jambo tofauti na mwenzake.

Nianze na hiyo 94, maana ndiyo inayowachanganya ndugu wengi. Namba ile haipimi nguvu za mama. Inaonyesha kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye damu yake wakati mashine inamsaidia. Kila anapoanza kuvuta pumzi, mashine inaongeza msukumo wake, na kwa macho huwezi kujua yeye amefanya kazi kiasi gani na mashine kiasi gani. Kifua kinapanda na kushuka vizuri, uso umetulia, namba ni nzuri. Ondoa msukumo ule, ndani ya nusu saa picha inaweza kuwa nyingine kabisa. Tena kwa wagonjwa wa COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu kama wa mama, hatufukuzii oksijeni ya juu. 88 hadi 92 inatosha. Shida yao kubwa kwa kawaida ni kutoa kabonidayoksaidi, na kazi hiyo inategemea msuli wenye nguvu pamoja na njia za hewa zinazopitisha. Kwa hiyo muuguzi hakukudanganya na daktari hakukosea. Kila mmoja alikuwa anaongelea kitu chake.

Diaframu ni msuli mwembamba unaotenga kifua na tumbo. Kwa mtu mwenye afya huwa imeinuka katikati kama mwavuli uliofunguliwa. Ikijikaza inashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kwa mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na moshi kwa miaka mingi, hewa inaingia lakini haitoki yote, kwa sababu njia zimebana na mapafu yamepoteza mnyumbuko. Mapafu yanabaki yamejaa na kuikandamiza diaframu chini mpaka inakaribia kuwa bapa. Diaframu iliyokwisha kuwa bapa haina pa kushukia. Inajikaza kwa nguvu zote na kuingiza hewa kidogo tu. Ndivyo mama alivyokuwa akiishi hata kabla hajaletwa hospitali, na mwili wake ulikuwa umezoea kwa kiasi fulani.

Kisha ikaja mashine. Imeokoa maisha yake, hilo lisisahaulike. Lakini msuli usiofanya kazi husinyaa, na diaframu husinyaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 Sanford Levine na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa diaframu za watu waliokufa ubongo ambao mashine ilikuwa imewapumulia kwa saa 18 hadi 69 tu. Nyuzi za msuli wao zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine muda mfupi. Hao hawakuwa wakivuta pumzi hata kidogo, na mama yako anavuta, kwa hiyo usiibebe namba hiyo kama ilivyo. Ila inakuonyesha kwa nini daktari aliona ni lazima aitazame diaframu yenyewe badala ya kujaribu kwa mara ya tatu na kuomba Mungu.

Sasa, juzi alifanya nini? Kama alipima chini ya mbavu, upande wa kulia, bila shaka alitumia probu (kile kifaa cha mkononi cha ultrasound kinachowekwa mwilini) kubwa yenye uso wa mviringo, ile kweli inayotumika kwa wajawazito. Probu inawekwa chini ya ukingo wa mbavu na kuelekezwa juu na nyuma, kupitia kwenye ini. Ini linapitisha vizuri mawimbi ya sauti ya ultrasound, na nyuma yake diaframu inaonekana kama mstari mweupe uliopinda. Daktari akibadilisha mtindo wa picha, mstari ule unajichora kwenye skrini kama mawimbi: unapanda mgonjwa akivuta pumzi, unashuka akiitoa. Anaweka alama moja chini ya wimbi na nyingine kwenye kilele, mashine inampa umbali kwa milimita. Kwa mtu mwenye afya anayepumua kwa utulivu ni kama milimita 16 hadi 18. Chini ya 10 tunahesabu kuwa diaframu ni dhaifu. Hakuna maumivu, hakuna mionzi, ni geli baridi kidogo na dakika chache.

Njia ya pili haipimi diaframu imesafiri umbali gani bali imenenepa kiasi gani, kwa sababu msuli unaojikaza hunenepa. Hapo inatumika probu ndogo iliyonyooka, ubavuni chini ya kwapa, kati ya mbavu za nane na kumi. Diaframu inaonekana kama utepe mweusi kati ya mistari miwili myeupe. Ikitoka milimita 2.0 mwisho wa kutoa pumzi hadi 2.6 mwisho wa kuvuta, imenenepa asilimia 30. Naipenda njia hii, lakini angalia vipimo vyenyewe: alama ikipotoka kwa milimita 0.2 tu, asilimia 30 inageuka 20 au 40. Ndiyo maana anayepima vizuri hupima pumzi kadhaa na kuchukua wastani, na ikiwezekana mtu yule yule arudie kesho yake mahali pale pale.

Umeuliza kama kipimo kinaaminika. Kinaaminika, ila kwa swali lake. Mwaka 2011 madaktari wa Korea Kusini wakiongozwa na Won Young Kim waliwapima wagonjwa 82 waliokuwa wakijaribiwa kuachishwa mashine. 24 kati yao walikuwa na diaframu dhaifu, na hao ndio walioshindwa zaidi na kukaa zaidi kwenye mashine. Mwaka 2014 Ernest DiNino na wenzake Marekani waliwafuatilia wagonjwa 63 wakaona kwamba kunenepa kwa asilimia 30 au zaidi kulitabiri vizuri nani atafanikiwa. Tafiti nyingine zimefuata na matokeo yameelekea huko huko, ingawa kila moja ina kiwango chake.

Lakini namba hizi hazikupatikana kwa watu walio kama mama yako peke yao. Zilipatikana kwa wagonjwa wa kila aina, wenye nimonia, wenye sepsisi (maambukizi makali yaliyoathiri mwili mzima), waliotoka upasuaji. Mtu ambaye diaframu yake ina miaka kumi ikiwa bapa anaweza kuwa na milimita 9 hata nyumbani kwake, akiwa anachota maji na kuchambua mboga. Nikimpima mtu huyo ICU nikapata 9, siwezi kusema kwa sababu hiyo pekee kwamba hawezi kutoka kwenye mashine. Na TB ya zamani inaongeza jambo jingine: makovu yanaweza kuvuta upande mmoja wa kifua na kuinasa diaframu isisogee, huku upande wa pili ukifanya kazi nzuri. Aliyepima kulia tu hajamaliza. Kushoto ni kugumu, kwa sababu tumbo lenye hewa linaziba picha, lakini inafaa kujaribu kupitia kwenye wengu.

Kuna jambo jingine ninalotaka ulishike kuliko yote, nalo ni wakati wa kupima. Mashine inaposukuma hewa, mapafu yanapanuka na diaframu inashuka hata kama yenyewe haifanyi lolote. Umbali uliopimwa wakati msukumo wa mashine ni mkubwa ni kazi ya mashine na ya mama zikiwa zimechanganyika. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa katika jaribio la kupumua mwenyewe, msukumo ukiwa umeshushwa hadi chini au mrija umeunganishwa na oksijeni tu bila msukumo wa mashine, kwa dakika 30 hadi saa mbili. Tena mimi hupenda kipimwe mara mbili, dakika chache baada ya kuanza na tena karibu na mwisho, maana msuli mchovu unaweza kujitahidi kwa dakika kumi na kuanguka ya ishirini na tano. Hapo ndipo ultrasound inapoona mapema kuliko macho: mawimbi kwenye skrini yanafupika, pumzi zinaongezeka, na mama bado hajaanza kutoka jasho. Tangu 1991 tumekuwa na kipimo cha Karl Yang na Martin Tobin, cha kugawanya idadi ya pumzi kwa dakika kwa ujazo wa kila pumzi kwa lita. Ikizidi 105, mgonjwa anahema harakaharaka kwa pumzi fupi na dalili si nzuri. Kina udhaifu wake: mgonjwa wa COPD anaweza kuazima misuli ya shingo na ya katikati ya mbavu akapata pumzi nzuri kwa muda, na hesabu ikamsifia. Ultrasound inaweza kuiona hata misuli hiyo ya mbavu, pembeni ya mfupa wa kifua. Kwa mtu anayepumua kwa utulivu huwa hainenepi kwa kiasi cha kutajwa. Ikianza kunenepa kila pumzi, ujue diaframu imeelemewa na wengine wanambeba.

Kwa hiyo muulize daktari wenu, kwa heshima tu: alipimwa akiwa kwenye msukumo gani, na pande zote mbili? Ni swali la kawaida kabisa na daktari mzuri hatalichukia.

Sasa kuna upande ambao hukuuliza, na kwa mgonjwa aliyeshindwa mara mbili mimi ningeuangalia kabla ya diaframu. Ni moyo na maji. Mgonjwa akiwa kwenye mashine, msukumo wa hewa kifuani unaupunguzia moyo mzigo. Ukiuondoa ghafla, damu nyingi inarudi moyoni kwa mara moja, na upande wa kushoto unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Moyo usioweza unarudisha maji kwenye mapafu, na mgonjwa anaanza kuhangaika, sisi tunasema mapafu yamekataa, kumbe ni moyo. François Lemaire na wenzake huko Ufaransa waliliona hili mwaka 1988 kwa wagonjwa 15 wa COPD waliokuwa wameshindwa kuachishwa: shinikizo la upande wa kushoto wa moyo lilipanda sana mara walipoanza kupumua wenyewe. Walipopewa dawa za kupunguza maji kwa siku kadhaa, zaidi ya nusu yao waliweza kutoka kwenye mashine. Wagonjwa wale wale, mapafu yale yale.

Ultrasound ile ile inaweza kuona hili. Zamani vitabu vilisema haiwezi kuona mapafu kwa sababu yamejaa hewa, na hewa inarudisha mawimbi. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein na wenzake walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba ile mikwaruzo iliyodhaniwa ni takataka ya picha ina maana yake. Pafu lenye maji linatoa mistari myeupe inayoshuka wima kutoka kwenye ukingo wa pafu hadi chini ya skrini, nasi tunaiita mistari B. Kifua kinagawanywa sehemu 12, kila moja inapewa alama 0 (pafu lina hewa vizuri) hadi 3 (halina hewa), jumla ya juu kabisa 36. Alexis Soummer na wenzake, Paris, waliwapima hivyo wagonjwa 100 mwaka 2012: waliomaliza jaribio wakiwa chini ya 13 ni wachache waliopata shida baada ya mrija kutolewa, na waliozidi 17 wengi wao walipata. Kwa mama yako kuna tahadhari, makovu ya TB nayo huleta mistari inayofanana. Kwa hiyo kwake haitoshi kuhesabu mara moja. Apimwe kabla ya jaribio na mwisho wake. Mistari iliyokuwepo tangu mwanzo yawezekana ni kovu. Iliyozaliwa ndani ya nusu saa huenda ni maji.

Na hapa wewe una taarifa ambayo mashine haina. Nyumbani, mama alikuwa analala kwa mito mingapi? Aliwahi kushtuka usiku akikosa hewa? Miguu ilikuwa inavimba jioni? Ana presha, anatumia dawa gani? Mwambie daktari haya yote, hata kama uliulizwa siku ya kwanza ukiwa umechanganyikiwa. Mweleze pia alikuwa akitembea umbali gani kabla ya kusimama kupumzika. Ndiyo inayotuambia tunamrudisha wapi.

Nije kwenye kusubiri. Mimi sipingi kusubiri. Mgonjwa anayetolewa mrija kabla ya wakati akarudishiwa ndani ya siku mbili tatu huwa katika hatari kubwa zaidi, na hata kati ya waliofaulu jaribio, kama mmoja kati ya kumi hadi wawili kati ya kumi hurudishiwa. Ninachopinga ni kusubiri huku hakuna kinachobadilishwa. Diaframu haipati nguvu kwa kalenda. Siku hizi za kusubiri ziwe na kazi: dawa za usingizi zipunguzwe ili avute pumzi mwenyewe mchana na apumzishwe usiku. Fosfeti, potasiamu na magnesi zipimwe, kwa sababu zikishuka msuli hauna nguvu hata ukiwa mzima. Dawa jamii ya steroidi zisiendelee kupita muda unaohitajika, maana zinadhoofisha misuli. Chakula kipite kwenye mrija wa tumboni kwa kiasi cha kutosha. Makohozi yafyonzwe, dawa za kupanua njia za hewa ziendelee, mfiziotherapia amketishe na amchezeshe miguu. Kama kuna maji mengi pembeni ya pafu, ultrasound inaonyesha mahali pa kuyatoa, na wakati mwingine hiyo pekee inaifungulia diaframu.

Jambo moja naliona likisahaulika mara nyingi mno. Mtu aliyeishi miaka na kabonidayoksaidi ya juu, figo zake zimejipanga kuibeba kwa kuweka kwenye damu akiba ya kupunguza asidi. Akiwekwa kwenye mashine ikapumua kwa nguvu hadi damu ionekane kama ya kijana mwenye afya, figo zinatupa akiba ile ndani ya siku chache. Siku ya kumwachisha, gesi inarudi kwenye kiwango chake cha zamani, akiba haipo, damu inakuwa na asidi na mama anashindwa. Kama ana majibu yoyote ya zamani ya gesi za damu, hata ya kliniki ya miaka miwili iliyopita, yapeleke.

Kuhusu gharama, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali leo, usingoje bili ifike mahali pa kukukimbiza. Kwenye hospitali za umma Tanzania ndiyo ofisi inayoshughulikia msamaha kwa wasio na uwezo, na maombi yanayoletwa mapema yanashughulikiwa kwa utulivu kuliko yale ya siku ya kuruhusiwa.

Mwisho, kutobolewa shingo. Nimeona familia zikikataa kwa kudhani ni hatua ya kukata tamaa, na sivyo. Tundu la shingoni linamwondolea mama mrija wa mdomoni, linapunguza haja ya dawa za usingizi, makohozi yanafyonzwa kwa urahisi, na anaweza kufanyishwa mazoezi ya kupumua bila mashine saa chache kila siku, kisha nyingi zaidi. Akipona, linafungwa. Lakini linahitaji uangalizi wa saa zote. Waulize wodi atakayohamia ina muuguzi wa kulifyonza usiku na mashine ya kufyonzea inayofanya kazi. Jibu likiwa la kusitasita, tundu linaweza kuwa hatari kuliko mrija.

Kwa mama yako, kwa jinsi ulivyonieleza, ningeomba kwanza jaribio moja zaidi lililoandaliwa: moyo na mapafu yapimwe kwa ultrasound kabla na baada, maji yapunguzwe kama yapo, diaframu ipimwe pande zote akiwa anapumua mwenyewe, na kama atafaulu, mrija ukitoka tu avalishwe barakoa ya mashine ya kupumulia papo hapo, bila kungoja achoke. Kwa wagonjwa wa COPD wanaobakiza kabonidayoksaidi, barakoa hiyo ikiwahi inasaidia sana. Ikichelewa mpaka ameshaanza kuhema, faida nyingi imeshapotea. Kwa hiyo hakikisheni ipo, imejaribiwa usoni kwake na haivuji, kabla ya mtu yeyote kugusa mrija. Asipofaulu, na daktari akakuonyesha kwamba sababu zinazotibika zimeshatibiwa, basi kubalini shingo itobolewe, na iwe mapema badala ya wiki mbili baadaye.